Kigari cha Bagambaki

Nyamityobora, Mbarara
20 Septemba 1989

Kaka yangu Buruhan,

Assalaam alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wifi yangu Rehemah na watoto wote, na kwamba mvua za Bukoba hazijakuharibia kahawa uliyoanika. Ukitaka kujua hali zetu huku, sisi tu wazima. Baba anakula, anaswali, na anasikia vizuri kuliko anavyotaka watu wajue. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, lakini mgongo wangu hukuuulizia katika barua yako, kwa hiyo tuuache ulivyo.

Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu nilimsomea baba, nikiruka yale maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Kwa mtoto mchanga nakupa hongera, tena hongera ya kweli, maana mtoto hana kosa. Mungu amkuze. Mengine uliyoyaandika nitayajibu hapa, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaikunja karatasi na kuitupa.

Unataka kigari chako cha kusukumia mtoto. Umesikia kwamba baba amempakia mbwa ndani yake na kumzungusha mjini mchana kweupe, na unasema umeaibika mpaka huwezi kuinua uso msikitini. Unaniamuru nimpeleke mbwa kwa watu wa manispaa wampige risasi, nikioshe kigari mara saba, moja kwa udongo, nikitume kabla ya Maulidi. Nisipofanya hivyo utakuja mwenyewe, umchukue baba ukakae naye huko kwenye heshima, uifunge nyumba, na mimi nitafute pa kwenda, kwa sababu mwanamke aliyeachwa, kwa maneno yako, anaishi kwa hisani ya kaka zake. Nimekuelewa, Buruhan. Umeandika kwa hati nzuri.

Najua pia aliyekupelekea habari. Ni Hudu, jirani yetu wa duka la mafuta ya taa, mtu ambaye hajawahi kununua gazeti kwa kuwa yeye mwenyewe ni gazeti. Hudu aliona kigari tu. Kilichokuwa kinakisukuma hakukiona, na wewe hukuuliza.

Kigari chenyewe unakikumbuka. Ulikinunua kwa daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, ukamsukumia mwanao wa kwanza kutoka hapa mpaka sokoni na kurudi, mara mbili kwa siku, mtoto awe amelala au yuko macho, ili asibaki mtu Mbarara ambaye hajui kwamba una kigari. Ulipohamia Bukoba mwaka 1983 ulikitupa juu ya dari ya ghala la ngozi. Panya walikula kiti. Gurudumu moja la mbele lilikwisha kung'oka. Miaka sita hukukiulizia hata siku moja. Alipokipanda mbwa ndipo kikawa mali.

Sasa mbwa. Wewe unamwita mbwa wa baba, lakini baba hajawahi kumwita wake. Ni wa Nasani, yule mfugaji wa Kakiika aliyemuuzia baba ngozi na samli zaidi ya miaka kumi. Jina lake Bagambaki, yaani wanasemaje, maana wafugaji wa kule humpa mbwa jina la kumchokoza jirani. Oktoba ya mwaka 1982, walipofukuzwa watu wote walioitwa Wanyarwanda, wakanyang'anywa ng'ombe na kuchomewa nyumba, Nasani na mkewe Kellen walitoweka pamoja na wengine. Jioni ya siku ile baba alirudi kutoka dukani akamkuta mbwa uani, amejikunyata chini ya kichanja cha kukaushia ngozi, sikio moja limechanika. Akamtambua palepale. Aliniuliza amefikaje. Nilimwambia amejileta.

Baba aliswali magharibi, kisha akatoka nje akamwekea maji katika kopo. Alisema kwamba mtu hakimbii na kila kitu, na alichokiacha nyuma kikaja mlangoni kwako ni amana. Mimi nilimwambia mbwa si amana, amana ni vyombo, ni nguo, ni fedha. Akanijibu: "Amana ni amana, hata ikiwa na mkia."

Akamjengea kibanda nje ya ukuta wa uani. Akaweka debe la udongo safi karibu na birika, akawa anajitwaharisha kama sheria inavyotaka, bila kuruka hata mara moja, na nguo ya kuswalia akaitenga. Hudu alipomwambia kwamba Muislamu hafugi mbwa, baba alimjibu kwamba mbwa wa mifugo na wa ulinzi ameruhusiwa. Hudu akasema huyu hana mifugo ya kuchunga. Baba akasema anayo, ila imeibwa, na mbwa hakuulizwa.

Kila siku baada ya alasiri walitoka wawili. Walikwenda mpaka Kakiika, pale palipokuwa kwa Nasani, ambapo sasa kuna mtu mwingine amepanda migomba. Mbwa ananusa ua, baba anasimama barabarani na bakora yake, kisha wanarudi. Miaka sita, mvua na jua. Hakuna aliyejua Nasani amekwenda wapi. Wengine walisema Rwanda, wengine Tanzania, wengine walisema amekufa. Vita vikaja, vikaisha, vizuizi vya barabarani vikabadilisha wenyewe, na wao wawili wanakwenda Kakiika tu.

Mwaka jana miguu ya nyuma ya mbwa ikaanza kukataa. Kwanza alikuwa anakaa chini njiani kupumzika. Baadaye akawa hafiki mbali zaidi ya duka la Hudu. Siku moja baba alimbeba mikononi, mzee wa miaka sabini na mbwa mzito vile, wakatumbukia mtaroni wote wawili, na aliyewatoa alikuwa anacheka. Tangu hapo walibaki nyumbani. Lakini ikifika alasiri mbwa alikuwa anajikokota mpaka mlango wa uani, anaweka pua kwenye ufa na kulia. Baba naye akawa hatoki. Alikaa kwenye mkeka wake, miguu ikamvimba, akawa ananitazama mimi ninavyoshona kama mtu anayengoja basi lisilokuja.

Sasa sikiliza kitu ambacho Hudu hakukuandikia. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja mchuuzi wa ngozi, akamwambia baba kwamba Nasani yu hai. Yuko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na mkewe Kellen, na ng'ombe wachache. Baba alimfanya yule mtu arudie mara tatu. Kisha akaja kwangu akasema amana inarudi kwa mwenyewe kabla mmoja wao hajafa, na kwamba kwa hali ya mbwa na hali yake yeye, hakuna muda wa kuongea sana.

Nilidhani yataishia hapo. Wenye magari ya abiria walikataa kumpakia mbwa. Nusu ya abiria ni watu wetu, hawakutaka mate yake yawaguse. Wa lori la maziwa alisema harufu ya mbwa itaingia kwenye maziwa. Ndipo baba alipopanda ngazi, na mimi ninapiga kelele chini kwamba ataanguka, akakishusha kigari chako kutoka kwenye dari, akiwa mweupe kwa vumbi.

Mimi ndiye niliyekitengeneza, kwa hiyo kama kuna wa kumlaani, jina langu unalijua. Nilishona kiti kipya cha turubai, mishono miwili miwili. Nilikata mkanda wa kifuani na mwingine wa kiunoni ili asidondoke barabara ikiwa na mashimo. Chini nilitandika gunia lililojaa vipande vya nguo. Fundi baiskeli akatafuta gurudumu. Na usidhani nilifanya kwa mapenzi. Nilimchukia mbwa yule. Miaka sita nilimtupia chakula bila kumtazama machoni, na sababu yake utaiona mbele. Nilifanya kwa kuwa baba aliniomba, na baba haombi.

Siku ya kwanza walifika kwa Hudu na kurudi. Siku ya pili walifika msikitini, wakapita upande wa pili wa barabara. Wiki ya pili walifika sokoni. Baba aliligundua jambo ambalo hakuna daktari aliyemwambia: akishika mpini wa kigari, miguu yake mwenyewe inakwenda. Kigari kilimbeba mbwa na kikamshikilia mzee. Walikuwa wakifika penye majani anamfungua mikanda, anamshusha, mbwa anatembea hatua kumi, ishirini, ananusa alichotaka kunusa, akichoka anakaa, anapandishwa tena. Na mbwa alifurahi, Buruhan, siwezi kusema vingine. Alikaa ndani ya kile kigari masikio yamesimama, pua juu, anaupokea upepo. Mwezi wa tatu wakafika Kakiika. Baba alirudi jasho linamtiririka, akala sahani mbili.

Mji ulitusema, ndiyo. Hilo Hudu amesema kweli. Wanawake bombani waliniuliza kama kaka yangu Buruhan amepata mtoto wa manyoya. Mzee mmoja wa msikitini, rafiki wa baba tangu ujana, aliacha kumpa mkono. Mtu alitupa maji machafu kigarini, na najua ni nani, na yeye anajua kwamba najua. Sokoni mchuuzi mmoja alimwambia baba mbele ya watu kwamba nchi hii watu wamezikwa bila sanda, na yeye anamsukuma mbwa kama mtoto wa mfalme. Neno lile baba lilimuuma, nilimwona. Lakini kesho yake alitoka tena.

Hata jeshini tulifika. Pale kizuizini karibu na kambi, askari mmoja aitwaye Jovan alitusimamisha, maana siku ile nilikuwa nao, akataka kujua ni silaha gani inayosukumwa chini ya shuka. Baba akamwambia ni mbwa. Jovan akasema hakuna mtu anayesukuma mbwa, akaivuta shuka, Bagambaki akamnguruma kwa meno yake matatu yaliyobaki. Askari akarudi nyuma hatua mbili, bunduki mkononi, nikasema basi, leo tunakufa kwa sababu ya mbwa. Akatazama mikanda yangu, akatazama miguu ya mbwa, akamuuliza baba wanakwenda wapi. Baba akamwambia kwamba wanafanya mazoezi ya kwenda Nakivale. Jovan akasema: "Mzee, pita. Mimi iko na baba kijijini. Hata yeye mimi hapana sukuma." Huyo ndiye mtu pekee wa mji huu aliyetufungulia njia, na wala hatumjui.

Mwezi uliopita tukaenda. Nilimwambia baba siendi. Nilimwambia kwa hasira, kwa machozi, kwa kisingizio cha nguo za harusi ya watu. Nilimwambia amtume mtu. Akasema amana hatumwi mtu, na kwamba kama siendi, atasukuma peke yake. Mwenye lori la ndizi alikubali kutufikisha Kabingo, mbwa na kigari juu ya mikungu, sisi mbele. Tulilala Kabingo kwa mfanyabiashara wa samli anayemjua baba. Asubuhi tukashika njia ya Nakivale kwa miguu.

Ile ni nchi ya vilima na nyasi, barabara ni vumbi na mawe, na kivuli unakihesabu. Tulipokezana mpini. Kwenye mteremko nilishika kamba nyuma ili kigari kisitutoroke, kwenye mpando tulisukuma wote wawili, mzee kushoto, mimi kulia. Kila baada ya kilima tulimshusha mbwa akanyooshe miguu na kunywa maji. Wafugaji waliotukuta walisimama kutushangaa, na kwa mara ya kwanza sikusikia mtu akicheka. Walituuliza ni mbwa wa nani. Baba alipowaambia, mmoja aligeuza ng'ombe wake akatuonyesha njia mpaka karibu na ziwa.

Nasani alikuwa zizini. Amezeeka, kichwa chote mvi, naye hafiki umri wa baba. Alitutazama bila kututambua. Mbwa ndiye aliyetambua. Alianza kujitupa ndani ya mikanda mpaka kigari kikataka kupinduka, baba akamfungua haraka, akamweka chini. Ile miguu iliyokataa mwaka mzima ilitembea, Buruhan. Ilikwenda upande, ilikwenda ikianguka, lakini ilifika. Nasani akakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, mbwa akaweka kichwa mapajani mwake, na mtu mzima yule akalia kwa sauti. Baba alisimama ameshika mpini, akasema tu kwamba ameleta amana, na aangalie sikio, lilichanika kabla hajaipokea.

Kellen alitoka nyumbani. Alimsalimu baba kwa magoti, kama binti yake. Mimi hakunisalimu. Tukaketishwa nje, akaleta maziwa katika vyombo vyao vya mti. Unajua desturi ya watu wa ng'ombe: mgeni akifika hapewi maneno, anapewa maziwa, na hata adui akishakaa kwenye ua wako unampa. Kellen alimpa baba. Alimpa mumewe. Alimpa hata yule mfugaji aliyetuleta. Aliponifikia alikipitisha chombo mbele ya uso wangu, akakirudisha ndani.

Nasani aliinamisha kichwa. Yule mfugaji akaaga. Baba, ambaye ameshakunywa maziwa ya wafugaji maisha yake yote na anajua maana ya kunyimwa, aliweka chombo chake chini bila kunywa. Akamwambia Kellen kwa upole kwamba binti yake ndiye aliyeshona mikanda ile, na amesukuma kigari tangu asubuhi. Akauliza amekosa nini.

Kellen akasema: "Huyu hapana kunywa maziwa yangu. Siku ile mimi nagonga mulango yenu na mutoto mugongoni. Mimi nasema, shika mutoto tu, mimi nitarudi kuchukua. Yeye nafunga. Mbwa tu ndiyo iliingia."

Sasa nimefika, kaka. Wewe unajua ninachoandika, lakini nataka ukione kwa wino. Mtoto aliitwa Goreti. Alikuwa na mwaka na miezi miwili, amevaa kofia ya sufu ya manjano. Kellen alisimama mlangoni petu mchana ule, kabla ya adhuhuri, miguu pekupeku, hakuomba kulala wala kula. Aliomba nimshike mtoto. Nilishika ubao wa mlango, nikamtazama mtoto, na mtoto akanitazama. Kisha nikasukuma. Mbwa alijipenyeza kati ya miguu yangu, mlango ukambana sikio, akavuta, likachanika. Hivyo ndivyo alivyojileta. Baba aliporudi nilimdanganya, na miaka sita nikamlisha shahidi wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Yule mtoto alikufa siku ya tatu njiani, kwa mvua na homa, kabla hawajafika Nakivale. Kellen alisema alimbeba mgongoni mpaka akawa baridi, na akaendelea kumbeba. Alikuwa anakitazama kigari alipokuwa anasema. Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga.

Nilimwambia baba pale pale kwamba ni kweli. Nilimwambia Kellen kwamba niliogopa. Akasema hata yeye aliogopa. Sikuomba msamaha, kwa sababu niliona wazi kwamba ningekuwa naomba kwa ajili yangu.

Tulimwacha mbwa kwa mwenyewe. Kigari tulikiacha pia, maana bila hicho Bagambaki hawezi kuwafuata ng'ombe majini jioni, na Nasani alikuwa ameshaanza kumsukuma kabla hatujaaga. Kwa hiyo amri yako kuhusu kigari imekwisha. Mwanao mbebeni mgongoni, mama yake ana mgongo. Na kuhusu risasi ya manispaa, waambie Hudu na wenzake watafute shabaha nyingine.

Njia nzima ya kurudi baba hakusema nami. Tangu turudi, hali chakula nilichokipika mimi mpaka kipoe, na akitoka alasiri anakwenda na bakora, polepole, anashika kuta. Nilimpa mkono wangu aushike. Aliutazama, akaupita. Anafika kwa Hudu, anarudi. Miguu imeanza kuvimba tena.

Lipo jambo moja tu analoniambia. Kellen, tulipokuwa tunaondoka, alimwambia baba kwamba mlango ulipokuwa unafungwa alisikia sauti ya mwanamume ndani, ikisema funga. Kila asubuhi baada ya kuswali baba ananigeukia na kuniuliza: "Mastulah, siku ile ulikuwa na nani ndani?" Mimi namwambia mlango niliusukuma mimi. Anasema hilo ameshalisikia, hakuuliza hilo.

Baba si mjinga, Buruhan. Anajua ni watu wangapi waliokuwa wanakaa nyumba hii mwaka ule, na nani aliyekuwa haendi dukani mchana. Hataki kukisia. Anataka kuambiwa na mwenye sauti. Mimi nilisukuma ubao na sitamtupia mtu mwingine mkono wangu. Lakini neno ni lako, na komeo uliliweka wewe, kisha ukaenda jikoni ukanawa mikono, ukaniambia nisilie, tusije tukachomewa na sisi. Miezi michache baadaye ukahamia Bukoba, na huko ukapata heshima. Na leo unaniandikia kuhusu najisi.

Unasema utakuja Maulidi kunitoa nyumbani. Njoo. Chumba chako nimekifagia. Sitakuzuia mlangoni, sitagombana nawe mbele ya watu, na ukitaka funguo nitakupa mkononi. Ila utaingia kwanza kwa baba, peke yako, utakaa kwenye mkeka wake, na atakuuliza. Ukishamjibu, utakachoamua juu yangu nitakikubali.

Nisalimie wifi Rehemah, mwambie anywe uji wa moto na asinyanyue ndoo mpaka arobaini yake iishe. Wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake. Majirani huku hawajambo, na Hudu pia hajambo, ingawa hakuniagiza salamu.

Baba ameniuliza tena asubuhi ya leo, karatasi hii ikiwa mbele yangu. Nimemwambia mwenye sauti yuko njiani.

Ni mimi dada yako,
Mastulah binti Zubairi